Njaa Mbele ya Miungu: Historia ya Saumu ya Wahindu

Karne saba au nane hivi kabla ya kuzaliwa Kristo, walimu wa dini wa kaskazini mwa India walibishana juu ya chakula cha usiku mmoja. Mwenye nyumba atatoa kafara kesho asubuhi. Moto umeshawekwa tayari, nyasi takatifu za kusha zimekatwa, nafaka ya sadaka imetengwa kando. Je, usiku huu ale au asile?

Ubishi huo umo ndani ya Satapatha Brahmana, kitabu kikubwa cha makuhani kinachoeleza taratibu za kafara hatua kwa hatua. Mwalimu mmoja, Ashadha Savayasa, alishika kwamba nadhiri maana yake ni kukaa na njaa, basi. Hoja yake ilikuwa ya adabu. Miungu huzijua nia za binadamu. Mtu akishanuia kutoa kafara kesho, wao wanajua, na jioni ile ile huja kulala nyumbani kwake. Ikiwa ni aibu mwenyeji kula kabla ya wageni ambao ni watu kama yeye, itakuwaje awatangulie miungu?

Yajnavalkya, mwalimu aliyeogopwa kwa ulimi wake, akaona pana mtego. Mtu asipokula kabisa, alisema, ibada yake itahesabiwa kuwa ya mizimu ya wazee waliokufa. Akila, amewakosea miungu. Basi na ale kitu ambacho hata kikiliwa huhesabika hakikuliwa: kisichotolewa kafara, yaani mimea ya porini na matunda ya miti. Mwalimu wa tatu, Barku Varshna, akaona upenyo. Yeye apikiwe dengu, maana nazo hazitolewi kafara! Kitabu chenyewe kinamkatalia: vitu hivyo huongezwa kwenye mchele na shayiri, kwa hiyo haviwezi kutenganishwa na nafaka.

Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki aliyelelewa na Ramadhani humshangaa jirani yake Mhindu anayesema amefunga huku anamenya ndizi. Jibu la mshangao huo lina umri wa miaka zaidi ya elfu mbili na mia tano. Katika mila hii, swali la kwanza halikuwa saa ya kula na saa ya kuacha. Lilikuwa ni chakula gani cha mtu na kipi ni cha wageni wake wa mbinguni.

Joto la mwili na siku kumi na tano za Shvetaketu

Adabu ya mwenyeji haikubaki peke yake kwa muda mrefu. Kando ya madhabahu ilikuwapo imani nyingine kongwe, ile ya tapasi: joto ambalo mtu hulizalisha ndani yake kwa kujinyima, na ambalo humpa nguvu. Hata mwenye kafara ya kinywaji kitakatifu kiitwacho soma, kafara kubwa kuliko nyingi, alitakiwa ajitenge kibandani na kuishi kwa maziwa hadi akonde. Kukonda kule kulionekana ni maandalizi ya kuzaliwa upya.

Kuanzia karne ya 7 au ya 6 KK, maandiko ya Upanishadi yaliligeuza suala lenyewe. Walimu sasa walitaka kujua nafsi ni nini, na kafara zikaanza kuonekana ni njia ndefu. Brihadaranyaka, mojawapo ya maandiko hayo, inaitaja saumu pamoja na kusoma maandiko matakatifu ya Veda, kafara na sadaka, miongoni mwa njia ambazo kwazo watu hutafuta kuijua Nafsi iliyo kuu. Jingine, Chandogya, lina kisa kinachofaa kusimuliwa polepole.

Uddalaka Aruni alikuwa na mwana, Shvetaketu, kijana aliyerudi kutoka masomoni akiwa na majivuno. Baba akamwambia akae siku kumi na tano bila kula, ila maji anywe apendavyo, kwa kuwa pumzi hutegemea maji. Siku zilipokwisha, baba akamwamuru asome Veda. Kijana akafungua kinywa, hakuna kilichokuja. Akaambiwa aende akale. Alipokwisha kushiba, kila alichoulizwa alikijibu. Baba akampa hoja yake: akili hutokana na chakula, pumzi na maji, usemi na moto.

Hapo saumu imetumika kama kipimo, na wala haikusifiwa. Kijana hakutakaswa na njaa. Alifundishwa kwamba hata kumbukumbu ya maneno matakatifu hukaa kwenye tumbo lililokula. Uhindu haukuwahi kuisahau kabisa tahadhari hiyo, ingawa mara nyingi uliiweka kabatini.

Wakati huohuo, katika bonde la Ganga, watu waliacha nyumba zao na kuingia msituni kutafuta ukombozi. Baadhi yao walijinyima hadi mifupa ikahesabika. Wajaini waliipandisha saumu hadi ngazi ya juu kabisa, mpaka kufunga hadi kufa kwa hiari. Siddhartha Gautama, ambaye baadaye aliitwa Buddha, alijaribu njia hiyo kwa miaka kadhaa, akaiona haimfikishi, akapokea chakula na kuhubiri njia ya katikati. Wabrahmani, tabaka la makuhani, walilazimika kujibu pande zote mbili. Jibu lao maarufu limo katika Bhagavad Gita: yoga haimfai mlafi, wala haimfai asiyekula kabisa, na wanaoutesa mwili kwa majivuno wanamtesa pia Mungu aliye ndani yake. Tena Gita inatoa onyo ambalo yeyote aliyewahi kufunga analielewa. Chakula huondoka mbele ya anayefunga, lakini hamu ya chakula hubaki.

Toba kwa matonge

Waandishi wa vitabu vya sheria, karne chache kabla na baada ya Kristo, walikuwa watu wa hesabu. Kwao saumu ilikuwa malipo ya kosa, na malipo yana kipimo. Sheria za Manu zinaeleza toba iitwayo chandrayana, inayokwenda na mwezi. Mwezi ukiwa mpevu mtu anakula matonge kumi na matano. Kila siku mwezi unapopungua, anapunguza tonge moja, hadi usiku wa giza anapolala bila kitu. Mwezi ukiandama, anaongeza tonge moja moja hadi arudi kwenye kumi na matano. Toba nyingine, krichra, ni ya siku kumi na mbili: siku tatu anakula asubuhi tu, tatu jioni tu, tatu anakula alichopewa bila kuomba, na tatu za mwisho hali kitu.

Manu anasema pia kwamba mwanamke hana kafara yake, hana nadhiri yake, wala hana saumu yake mbali na mumewe. Historia iliyofuata ilikwenda kinyume kabisa na kifungu hicho, na mtu anaweza kusema kwamba hakuna amri ya Manu iliyopuuzwa na watu wengi zaidi.

Dalili zake zilikuwapo tangu katika tenzi kubwa. Ndani ya Mahabharata yumo Savitri, binti mfalme aliyeambiwa kwamba mumewe Satyavan atakufa baada ya mwaka mmoja. Siku zilipokaribia, alifunga siku tatu mchana na usiku, akiwa amesimama. Kifo kilipokuja kumchukua mume, Savitri alimfuata Yama, mungu wa wafu, akibishana naye kwa maneno matamu hadi akarudishiwa mumewe. Mpaka leo wanawake wa Maharashtra na Gujarat hufunga kwa jina lake katika mwezi mpevu wa Jyeshtha, wakizungusha uzi kwenye shina la ule mti mkubwa unaoshusha mizizi kutoka matawini.

Ramayana nayo inaonyesha sura nyingine ya njaa. Bharata, akitaka kaka yake Rama arudi kutawala, alitandika nyasi za kusha mbele ya kibanda chake na kutangaza kwamba atalala hapo bila kula hadi akubaliwe. Rama alimkemea: Mbrahmani anaweza kumzuia mtu hivyo, si mwana wa mfalme. Kumbe hata enzi hizo ilijulikana kwamba saumu inaweza kufungwa dhidi ya mtu.

Saumu inashuka kwa watu: mwaka 300 hadi 1300

Kafara za Veda zilikuwa ghali. Zilitaka makuhani wengi, ng'ombe wa zawadi, siagi ya kumwagwa motoni, na mwenye kuzitoa alipaswa kuwa wa tabaka la juu. Kuanzia zama za wafalme wa Gupta, vitabu vya Purana vilileta njia mbadala: vrata, nadhiri ambayo kiini chake ni kufunga, kuoga, kumwabudu mungu fulani, kusikiliza kisa chake na kutoa sadaka. Thawabu yake, Purana zilidai tena na tena, inalingana na ya kafara kubwa za wafalme. Na mlango ulikuwa wazi kwa wanawake na kwa Washudra, tabaka la chini. Makuhani hawakupoteza kitu, kwa sababu sadaka ya mwisho wa nadhiri ilikuwa yao. Lakini mahali pa ibada palihama kutoka uwanja wa kafara na kuingia jikoni.

Nadhiri iliyoshinda nyingine kwa kuenea ni Ekadashi, siku ya kumi na moja ya kila nusu ya mwezi, mara mwezi unapokua na mara unapopungua. Siku hiyo ni ya mungu Vishnu. Kisa kimoja kinasema Ekadashi ni binti aliyetoka mwilini mwa Vishnu akiwa amelala, akamuua pepo Mura aliyekuja kumshambulia. Kisa kingine kinasema dhambi zote za dunia siku hiyo hujificha ndani ya nafaka. Kwa hiyo wali, mkate na maharage hukaa kando, na lile katazo la Yajnavalkya likapata sababu mpya.

Purana hazikuogopa kuchekesha. Bhima wa Mahabharata, mwenye nguvu kuliko ndugu zake wote wa Pandava, alilalamika kwamba ndugu zake, mama yake na mke wao wote hufunga Ekadashi, ila yeye tumbo lake lina moto usiozimika. Mzee Vyasa akamhurumia: afunge siku moja tu kwa mwaka, katika mwezi wa Jyeshtha, naye atapata thawabu za Ekadashi zote. Sharti lake ni kwamba siku hiyo asionje hata maji. Jyeshtha huangukia Mei na Juni, wakati tambarare za kaskazini mwa India zinaungua kwa jua kabla ya mvua. Huruma ya Vyasa ilikuwa na makali yake, na siku hiyo bado inafungwa kwa jina la Bhima.

Kisa cha mfalme Ambarisha, kilichomo katika Bhagavata Purana, kinafaa kuwekwa karibu na ubishi wa Yajnavalkya. Ambarisha alikuwa amemaliza mwaka mzima wa kufunga Ekadashi. Siku ya kumi na mbili, akiwa karibu kufuturu, akatokea mgeni: Durvasa, mtawa mwenye hasira za kutisha. Mfalme akamkaribisha chakula. Durvasa akakubali, akaenda kuoga mtoni, akazama katika ibada na kukawia. Wakati wa kufuturu ulikuwa unakwisha. Mfalme akichelewa, nadhiri inaharibika. Akila kabla ya mgeni, amevunja adabu. Aliwauliza wataalamu wake, nao wakampa njia: anywe maji kidogo, kwani kunywa maji ni kula na pia si kula. Durvasa aliporudi akajua, akawaka, akaumba kiumbe cha moto kimuue mfalme. Silaha ya Vishnu ilikiteketeza kiumbe hicho, kisha ikamfukuza Durvasa mbinguni na duniani mwaka mzima, mpaka akarudi kumwomba msamaha Ambarisha. Mfalme wakati wote huo alikuwa hajala. Alikuwa bado anamsubiri mgeni wake.

Mmoja wa watu wa nje wa mapema walioielezea saumu hii kwa utulivu alikuwa Mwislamu. Abu Rayhan al-Biruni, mwanachuoni aliyetoka Khwarazm na kuishi chini ya Sultani Mahmud wa Ghazni, alikamilisha kitabu chake kuhusu India yapata mwaka 1030. Alitenga sura nzima kwa ajili ya saumu. Jambo la kwanza aliloliandika ni kwamba kwa Wahindu kufunga ni hiari, si faradhi. Kisha akaeleza jinsi mtu anavyochagua siku, anavyotaja jina la mungu anayemfungia, anavyosafisha meno na kuiweka nia yake juu ya siku inayofuata. Alikuwa anaandika kwa wasomaji waliojua nia ya saumu ni nini, na aliwaheshimu kiasi cha kutowahubiria.

Hiari hiyo ilizaa wingi. Karne ya 12, Lakshmidhara, waziri wa mfalme Govindachandra, alikusanya nadhiri hizo katika kitabu chake cha sheria. Karne iliyofuata Hemadri, waziri wa wafalme wa Yadava huko Devagiri, aliandika mkusanyo mnene kuliko wote: nadhiri kwa kila siku ya mwezi, kila sayari, kila hitaji. Mtu anafunga apate mtoto, apone ukoma, asiwe mjane, ashinde vita. Msomaji wa leo akiupitia mkusanyo wa Hemadri anaweza kujiuliza kama Mungu amegeuzwa duka.

Wapenzi wa Mungu, wenye dhihaka, na wajane

Hata wenyewe walijiuliza. Kuanzia karne ya 13 washairi wa bhakti, dini ya mapenzi kwa Mungu, waligawanyika. Wengine waliiingiza saumu ndani ya mapenzi hayo. Maharashtra, watembeao kwenda Pandharpur huondoka Alandi na Dehu na machela yenye nyayo za watakatifu Dnyaneshwar na Tukaram, wakakata kilomita 250 hivi kwa miguu kwa wiki tatu, wakiimba, ili wafike kwa mungu Vitthala siku ya Ekadashi ya mwezi wa Ashadha. Huko Bengal, mtakatifu Chaitanya, aliyeishi kati ya 1486 na 1534, alimsihi mama yake mwenyewe aifunge Ekadashi.

Kabir, mfumaji nguo wa Varanasi katika karne ya 15, hakuwa na subira na mambo hayo. Aliwakejeli Wabrahmani kwa Ekadashi zao 24 na makadhi kwa mwezi wao mmoja wa Ramadhani, akiuliza miezi mingine kumi na moja imekosa nini. Masingasinga waliufuata mkondo huohuo, na kufunga hakukuwa nguzo ya ibada yao.

Lakini kuna watu ambao hakuna aliyewauliza. Katika familia za tabaka la juu za Bengal, mjane alilazimika kufunga Ekadashi bila chakula wala maji, mara mbili kila mwezi, hadi kufa kwake. Kwa kuwa wasichana waliozwa wadogo kwa wanaume wazee, wajane wengine walikuwa watoto. Nadhiri ambayo al-Biruni aliiona ni hiari iligeuzwa adhabu kwa mtu ambaye kosa lake lilikuwa kufiwa. Ishwar Chandra Vidyasagar, msomi wa Kisanskriti wa Kolkata, aliwapinga wahafidhina kwa silaha yao wenyewe: alifukua vifungu vya sheria za kale vinavyomruhusu mjane kuolewa tena. Sheria ya kuhalalisha ndoa hizo ilipitishwa Julai 1856. Saumu za wajane hazikukoma kwa sheria hiyo, lakini hali ya wajane iliwekwa mbele ya umma kama dhuluma.

Mlangoni kwa mdeni

Waingereza walipoanza kutawala Varanasi walikutana na desturi iliyowachanganya. Mbrahmani anayedai deni alikwenda kukaa mlangoni kwa mdeni wake, akiwa na sumu au kisu mkononi, akafunga. Mdeni naye, kwa adabu na kwa woga, hakuweza kula wala kupita. Akifa Mbrahmani, dhambi ya damu yake ingemwangukia mwenye nyumba. Mara nyingi deni lililipwa. Jina lake ni dharna, na ndiyo njaa ile ile ya Bharata mbele ya kibanda cha Rama, sasa imekuwa mahakama ya maskini.

Kampuni ya Waingereza iliipiga marufuku huko Varanasi mwaka 1795, na Kanuni ya Adhabu ya India ya 1860 ikaliweka kosa hilo katika kifungu cha 508, na dharna ikiwa mfano wake. Dola iliyotawala kwa bunduki iliona hatari katika mtu anayekaa chini bila kula. Haikukosea.

Mtoto wa Putlibai, 1869 hadi 1948

Mohandas Gandhi alizaliwa Porbandar, pwani ya Gujarat, mwaka 1869. Katika maisha yake aliyoyaandika mwenyewe anamkumbuka mama yake, Putlibai, kama mtu wa nadhiri. Katika miezi minne ya mvua alikuwa akifunga kwa namna moja au nyingine. Mwaka mmoja aliapa kutokula mpaka alione jua. Watoto walikaa nje wakikodolea mawingu, na jua likichungulia waliingia mbio kumwita. Yeye akitoka, jua limeshafichwa. Basi, husema kwa uchangamfu, Mungu hakutaka nile leo. Na anarudi kwenye kazi zake.

Katika kumbukumbu hiyo yamo mambo ambayo maandiko yote ya Hemadri hayana. Mama yule hakuomba kitu, hakumlaumu mtu, wala hakuwa na uso wa huzuni. Mwanawe alijaribu kuipeleka saumu hiyo mahali ambapo Putlibai hakuwahi kufikiria.

Afrika Kusini mwaka 1913 alifunga siku saba kwa sababu vijana wawili waliokuwa chini ya malezi yake walikosea. Ahmedabad mwaka 1918, wafumaji waliogoma kudai nyongeza ya asilimia 35 walipoanza kukata tamaa, alifunga siku tatu ili washikilie kiapo chao. Baadaye alikiri kwamba saumu ile ilikuwa na kasoro: wenye viwanda walikuwa rafiki zake, na walikubali kwa sababu ya huruma kwake. Mwaka 1924 alifunga siku 21 huko Delhi, akianzia nyumbani kwa kiongozi Mwislamu, Mohamed Ali, kwa ajili ya amani kati ya Wahindu na Waislamu. Siku ya kufuturu ilisomwa Kurani, zikasomwa Upanishadi, ukaimbwa wimbo wa Kikristo.

Saumu inayobishaniwa hadi leo ni ya Septemba 1932. Serikali ya Uingereza ilikuwa imewapa watu wa tabaka la chini kabisa, waliohesabiwa kuwa najisi, haki ya kuchagua wawakilishi wao peke yao. Gandhi, akiwa gereza la Yeravda, aliona utaratibu huo utawatenga milele, na tarehe 20 akaanza kufunga hadi kufa. B. R. Ambedkar, kiongozi wa watu hao na mwanasheria hodari kuliko wengi wa zama zake, alijikuta katika hali ya mdeni wa Varanasi: mtu mtakatifu anakufa mlangoni, na damu yake itakuwa juu ya watu wake wanyonge vijijini. Alitia saini mapatano tarehe 24. Viti vilivyotengwa viliongezeka kutoka 71 hadi 148, lakini kura ya peke yao ilipotea. Ambedkar hakuisamehe saumu ile. Mahekalu na visima vingi vilifunguliwa siku hizo kwa watu waliokuwa wakifukuzwa, na si vyote vilivyobaki wazi. Ukiipima kwa kipimo cha Gandhi mwenyewe, kwamba saumu isimlazimishe mpinzani, saumu ya 1932 ilishindwa.

Ya mwisho ilikuwa tofauti. Januari 1948 Delhi ilikuwa imejaa wakimbizi waliotoka Pakistan wakiwa na hasira, na Waislamu wa mji walikuwa wakifukuzwa majumbani na misikitini. Tarehe 13 Gandhi, mwenye miaka 78, aliacha kula. Siku mbili baadaye serikali ya India ilikubali kuilipa Pakistan rupia milioni 550 zilizokuwa zimezuiwa. Tarehe 18 viongozi wa jumuiya zote walimletea ahadi iliyoandikwa, akanywa maji ya matunda. Siku kumi na mbili baadaye alipigwa risasi na Mhindu aliyeona saumu hiyo ni usaliti.

Njia hiyo haikuzikwa naye. Potti Sriramulu alianza kufunga Oktoba 1952 akidai jimbo la wasemaji wa Kitelugu, akafa Desemba 15. Ghasia zikalipuka, na Oktoba 1953 jimbo la Andhra likazaliwa. Miaka mitatu baadaye ramani ya India ikachorwa upya kufuata lugha. Vinoba Bhave, mwanafunzi wa Gandhi, aliirudisha njaa kwenye maana ya zamani: Novemba 1982, akiwa mgonjwa na mzee wa miaka 87, alikataa chakula na dawa katika makazi yake ya Paunar na kungoja kifo, bila kudai chochote kwa yeyote.

Jikoni

Siasa ziliandikwa magazetini, lakini saumu yenyewe iliendelea kwa watu ambao magazeti hayakuwaona. Huko Bihar, siku ya sita baada ya mwezi kuandama katika Kartika, wanaofunga Chhath, wengi wao akina mama, hukaa saa 36 bila chakula wala maji. Wanaingia mtoni hadi kiunoni wakiwa na ungo uliojaa ndizi, miwa na maandazi ya ngano na sukari guru, wanalipa heshima jua linalotua, kisha alfajiri wanarudi kulipokea linapochomoza. Hakuna kuhani anayehitajika. Kaskazini-magharibi mwa India, wake hufunga Karva Chauth kwa ajili ya maisha ya waume zao na kufuturu baada ya kuutazama mwezi kupitia chekecheo. Filamu ya Dilwale Dulhania Le Jayenge ya mwaka 1995 iliwafikishia desturi hiyo watazamaji wa mbali, na ikamfanya mwanamume naye afunge. Wanawake wengine wa India wanauliza kwa nini hilo lilisubiri filamu.

Afrika Mashariki saumu hii ilikuja kwa jahazi. Nyumba ya Jairam Shivji, Mbhatia wa Kutch, ilikodi forodha ya Zanzibar kuanzia miaka ya 1830, na Wabhatia ni waumini wa Krishna. Huko Gujarat, Sahajanand Swami, ambaye wafuasi wake humwita Swaminarayan, aliandika mwongozo wake wa Shikshapatri mwaka 1826 na kuwaagiza wote waifunge Ekadashi. Wafuasi wake, mafundi na wafanyabiashara, waliileta Mombasa, Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, na hekalu lao kubwa la Nairobi lilifunguliwa mwaka 1999.

Vyakula vya kufungia navyo vina historia yake. Viazi, karanga na muhogo ni mazao ya Amerika. Yajnavalkya hakuwahi kuyaona. Wareno waliyaleta India, na kwa kuwa Veda haziyataji kuwa nafaka ya kafara, yalipita. Sabudana, zile chembe nyeupe zinazopikwa na karanga siku za kufunga, tangu miaka ya 1940 hutengenezwa kwa muhogo katika viwanda vya Salem, Tamil Nadu. Mkate huokwa kwa unga wa mbegu za mchicha, na chumvi ya bahari huachwa, ikatumika ya mawe.

Mwaka wa kawaida una Ekadashi 24. Kalenda ya Kihindu huongeza mwezi mzima kila baada ya miaka miwili na nusu au zaidi kidogo ili isiachwe na jua, na mwaka huo zinakuwa 26. Msomaji anayetaka kumwalika jirani yake Mhindu kula wali, aangalie kwanza mwezi una siku ngapi.